Barua ya Wazi kwa Wapangaji wa Matamasha ya Sanaa Dar es Salaam: Ngoma Zetu Zipeni Saa Yake

Waheshimiwa maafisa utamaduni wa Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, waandaaji wa matamasha, wadhamini, nanyi washereheshaji mnaoshinda na maiki mkononi: wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Mimi ni mpiga ngoma na mwongozaji wa maigizo wa Temeke, na nina ombi moja. Tamasha lijalo la jiji, kila kikundi cha ngoma na cha maigizo mtakachokialika kiandikiwe kwenye ratiba saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na muda huo usiguswe hata kama umeingia msafara wa nani. Mengine nitakayoyasema humu ni kueleza kwa nini.

Wengi wenu mnafika uwanjani mambo yakiwa yameshachangamka, kwa hiyo niwape picha ya asubuhi yetu. Barua ya mwaliko inasema tufike saa mbili. Wachezaji wanatoka Chanika, Mbagala Rangi Tatu, Kimara. Wanaamka kabla ya adhana. Tunakodi kirikuu ya kubebea ngoma, na wasiopata nafasi humo wanagombania daladala, maleba yao kwenye mifuko. Mgeni rasmi anatarajiwa saa nne. Saa nne inakuwa saa sita, saa sita inakuwa saa nane kasoro. Muda wote huo spika zinapiga nyimbo za kwenye laptopu, kwa sauti ambayo hata tukitaka kukumbushana hatua hatusikilizani. Mara king'ora. Mshereheshaji anashtuka: "Ngoma! Watu wa ngoma wako wapi? Changamkeni!" Tunapangwa mistari miwili kando ya zulia jekundu, tunapiga, mgeni anashuka, anapunga mkono, wapambe wanapita katikati yetu na simu zao, anasalimiana na meza kuu, anaketi. Akishaketi tu tunaonyeshwa kiganja: basi, inatosha. Ripoti ya tamasha itaandika kwamba kikundi chetu kilitumbuiza.

Hakikutumbuiza. Kilipokea mgeni.

Chukueni bugobogobo ya Wasukuma, ambayo najua mnaipenda kwa sababu ya majembe. Ile imezaliwa shambani, na inakwenda kama kazi ya shamba inavyokwenda. Inaanza taratibu, mwimbishaji anatupa wimbo, wenzake wanaupokea, jembe liko begani na mwendo ni wa mtu ambaye bado ana siku nzima mbele yake. Vile vituko mnavyovingojea, jembe kurushwa juu na kudakwa, kuzungushwa, mtu kujilaza chini na kuinuka bila kupoteza pigo, vinakuja baadaye, miili ikishapata moto na watazamaji wakishaingia kwenye mdundo. Mkiikata dakika ya nne mmeona watu wakitembea na majembe. Huko Usukumani kwenyewe, pale Bujora karibu na Mwanza, kila mwaka kwenye mwezi wa sita vyama viwili vya jadi vya wachezaji ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na ngoma yake na mbwembwe zake, na watu wanahamia kwa anayewavuta. Wanaweza kushinda hapo mchana kutwa. Hakuna anayewaambia wachangamshe uwanja wakati kitu chenyewe kinasubiriwa, maana kitu chenyewe ni wao.

Sasa nizungumzie moto, kwa sababu hapa ndipo tunapokosana sana na walinzi wenu.

Ngoma ya ngozi inapashwa. Hewa ya Dar ina unyevunyevu wa bahari, ngozi inanyonya unyevu, inalegea, na ngoma iliyolegea hata apige fundi gani haitoi neno. Kwa hiyo mpigaji anatafuta kona nyuma ya mahema, anawasha manyasi makavu, makuti au maboksi, anazisogeza ngoma kwenye joto huku akigeuza, anagonga kwa vidole, anasikiliza, anageuza tena. Ukizidisha, ngozi inapasuka. Ukipunguza, utaaibika mbele ya watu. Anayejua kazi hiyo anasikia kwa kidole kwamba hii imefika na ile bado kidogo. Ngoma zikishalia vizuri, una muda wa kucheza kabla hazijaanza kulegea tena. Mpigaji anapanga moto wake kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kupanda. Mkimwambia saa nne halafu mkampandisha saa nane, amepasha mara ngapi? Amemaliza maboksi yote ya maji ya kunywa ya kamati, na ngozi zimechoka. Katika tamasha moja, ambalo sitalitaja, mlinzi alikuja na ndoo akaumwagia maji moto wetu, ngoma mbili zikalowa pamoja na majivu, na dakika chache baadaye tukaitwa. Tulicheza. Mzee mmoja mtazamaji alitufuata baadaye akauliza kwa upole kabisa kama siku hizi ngoma za Kimakonde zinapigwa hivyo. Sikuwa na la kumjibu. Mlinzi yule simlaumu sana; hakuna aliyemwambia kwamba kwenye tamasha la ngoma kutakuwa na moto. Tengeni sehemu, iwekeni mchanga na ndoo pembeni, iandikeni kwenye ramani yenu kama mnavyoandika vyoo na jenereta.

Na uwanja wenyewe. Jukwaa la chuma la urefu wa kifua linamfaa mwimbaji mmoja mwenye madansa wanne. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, inataka ardhi. Ngoma ndogo za Kimakonde zina mguu uliochongoka ambao unachomekwa mchangani. Juu ya mbao za jukwaa tunazishikiza kwa magoti au tunamwita kijana azikumbatie, na kijana aliyekumbatia ngoma hachezi. Halafu watu wanatakiwa wazunguke. Ngoma nyingi zetu zinachezwa katikati ya watu, mtazamaji wa leo ndiye mpokeaji wa wimbo na kesho ndiye mchezaji. Nyinyi mnaweka mahema meupe mbele kwa wageni waalikwa, viti vya nusu yake havikaliwi, kisha kamba, kisha umma nyuma ya kamba unachungulia migongo. Hilo halihitaji bajeti. Ni kufungua kamba tu.

Upande wa sauti ni vivyo hivyo. Mafundi mitambo wengi, na nawaheshimu kwa kubeba yale maspika, wanajua kutegea maiki ya mtu anayeimba juu ya muziki uliorekodiwa. Waleteeni Wagogo. Wanawake wanapiga muheme, ngoma ziko katikati ya mapaja, na nguvu yake inakutikisa kifuani bila maiki yoyote. Wageukie wenye ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi, sauti zinazosukana taratibu, moja juu moja chini, na hapo unahitaji maiki ya kuwekwa karibu na mkono unaojua kupunguza. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizunguka dunia na ilimba yake, na watu wa nchi za mbali walikaa kimya kumsikiliza. Hapa kwetu wajukuu wa sanaa ile wanapewa maiki moja yenye mkwaruzo, nayo kashika mwimbishaji, na ilimba kumi na zaidi hazisikiki kabisa. Nusu saa ya kujaribu sauti asubuhi, kabla watu hawajaja, ingetosha. Hiyo nusu saa wasanii wakubwa wa usiku huwa wanaipata, tena alasiri yote uwanja unafungwa kwa ajili yao.

Nije kwenye maigizo, na hapa mniwie radhi nikipandisha sauti kidogo.

Igizo kwenye tamasha la jiji limekuwa kijitu cha dakika kumi na tano chenye "ujumbe". Mdhamini anatuma ujumbe wake, wakati mwingine kwa simu jana yake usiku, na anataka jina la bidhaa litajwe na mhusika mkuu. Linapangwa saa saba mchana, jua la utosi, hakuna kivuli, hakuna pazia, jenereta linanguruma nyuma. Waigizaji wanapewa maiki moja ya mkononi wapokezane. Nimeona kwa macho yangu marehemu, keshakufa, kalala chini kafunikwa kanga, mkono ukatoka taratibu chini ya kanga kumpa maiki mjane alie. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mshereheshaji akatupongeza kwa kichekesho kizuri. Lilikuwa igizo la msiba.

Mkisema watu wanataka ujumbe, sina ugomvi na ujumbe. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya mkoani Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kufanya sanaa ya maendeleo na wanakijiji. Hawakufika na karatasi ya mdhamini. Walikaa, wanakijiji wenyewe wakataja yanayowasumbua, likiwemo la wasichana kupata mimba, vijana wakayaingiza kwenye ngoma zao wenyewe, kisha baada ya onyesho watu wakabaki wakijadiliana. Ule nao ulikuwa ujumbe. Ulichukua muda, na kila aliyekuwepo alijua ni wake. Dakika kumi na tano za jua kali, zenye jina la sabuni ndani yake, hazimbadilishi mtu tabia. Zinamfanya aende kununua maji.

Igizo lipewe jioni. Saa moja usiku, taa zikiwashwa, watu wametoka kazini, watoto wapo na mama zao. Lipewe saa nzima. Maiki ndogo za kubandika zinakodishwa hapa hapa mjini, na kama hela hakuna, basi tupeni ua wenye kuta tatu, sauti ya mwigizaji aliyefundishwa itafika. Viko viwanja hivyo. Makumbusho ya Taifa pale Posta ina Nyumba ya Utamaduni, kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni wana ua wao, Kijiji cha Makumbusho Kijitonyama kimekuwa kikionyesha ngoma miaka na miaka chini ya miti. Si lazima kila kitu kirundikwe kwenye uwanja mmoja chini ya spika moja.

Najua jibu lenu, nimelisikia vikaoni: watu wa Dar hawana muda wa ngoma na maigizo, wanataka Bongo Fleva. Waliosema hivyo ama ni wageni wa jiji hili ama wamesahau. Miaka ya themanini na tisini watu wa Dar walilipa kiingilio, kwa hela yao ya mfukoni, kuona hayo hayo. Vikundi vya sanaa vya Muungano, Mandela, baadaye TOT. Jumapili alasiri unaingia baa ya Kinondoni, Temeke au Magomeni, unakaa na soda yako au bia yako, na mbele yako linapita onyesho la saa kadhaa: ngoma, sarakasi, vichekesho, kwaya, igizo refu lenye wahusika ambao wiki nzima mtaani wanazungumzwa kama majirani, na taarab ambayo kina mama wananyanyuka kwenda kuitunza noti kwa noti. Muungano na TOT wakipambanishwa ukumbi mmoja hapakaliki. Vikundi hivyo havikuwa vya wasomi wala vya hisani. Viliishi kwa mlango. Waliokuwa wakijaza kumbi zile hawakuhama nchi. Wengine ni mama zenu na shangazi zenu, na watoto wao wanakaa hapa hapa kwenye jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia zaidi ya watu milioni 5.3. Kilichobadilika ni kwamba wakati ule mwenye baa alijua kiingilio kinalipwa kwa ajili ya kile kilicho jukwaani, kwa hiyo hakuthubutu kukikatisha.

Wala siwaambii muwafukuze wasanii wa kizazi kipya. Wao wanajaza uwanja na sisi tunapenda uwanja uliojaa. Ila hata hapo jirani zetu wa Unguja wametuonyesha kitu. Tamasha lao la muziki la Sauti za Busara, tangu 2004 pale Ngome Kongwe, kila anayepanda anapiga muziki wa moja kwa moja, hakuna kufungulia santuri na kuimba juu yake, na maandamano yao ya kufungua tamasha yanawapa beni na ngoma barabara nzima. Wageni wanapanda ndege kwa ajili hiyo. Sisemi ni rahisi. Mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha, na tuliokuwa tunaliangalia kutoka huku ng'ambo ya maji tulisikitika. Lakini hawakuamua kuokoa hela kwa kuifanya ngoma iwe ya kupokelea magari.

Maana kama shida ni mapokezi, mapokezi yana wenyewe. Ipo bendi ya polisi, imefundishwa kusimama juani kwa nidhamu na inalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Na kama mnataka shamrashamra za kutembea, mnayo mdundiko ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu, ngoma ambayo imeumbwa itembee. Wazee wanajua jinsi ilivyokuwa ikipita mtaani na kuzoa watoto mpaka wazazi wanaanza kutafutana magharibi. Itoeni Buguruni au Keko asubuhi, iache ikusanye watu njiani, iingie nao uwanjani. Hapo mtakuwa mmeitumia ngoma kwa kazi yake, na tangazo la redio mtakuwa mmelipunguza. Naye mgeni rasmi aje, tunamkaribisha kwa moyo, akute onyesho linaendelea, aketi kama mtazamaji, hotuba yake isomwe igizo likishaisha. Viongozi wengi ninaowafahamu wakikaa dakika kumi mbele ya ngoma iliyoiva wanasahau hata faili la hotuba. Ni watu wa itifaki ndio wanaoogopa.

Kuhusu malipo sitasema mengi kwa sababu mnayajua. Kikundi cha watu ishirini kinapewa posho ambayo ukigawa haifiki nauli ya kwenda na kurudi pamoja na sahani ya chipsi, tena inapokelewa baada ya wiki kadhaa za "njoo kesho, mhasibu hayupo". Msanii wa usiku yeye haamki nyumbani kabla nusu haijaingia kwenye akaunti, na yuko sahihi kabisa. Tutendeeni hivyo hivyo: mkataba wa ukurasa mmoja, nusu kabla, nusu kabla kirikuu haijaondoka uwanjani. Zile noti anazotutunza mgeni rasmi mbele ya kamera zisiingizwe kwenye hesabu ya malipo; zile ni zake na ni zetu. Cheti cha ushiriki tunashukuru, ukuta umejaa.

Kuna jambo jipya kidogo ambalo linanikera zaidi ya posho. Tamasha likiisha, picha za video za ngoma zetu zinaingia mtandaoni zikiwa na nembo ya mdhamini pembeni, miezi na miezi, na wala hatuulizwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwonyeshaji: anayecheza na anayeigiza ana haki ya kuombwa ridhaa kabla onyesho lake halijarekodiwa na kurushwa. Ridhaa hiyo mkiiomba mapema, vikundi vingi vitakubali, na vingine vitakubali kwa bei ndogo kuliko ya keki ya uzinduzi. Kigumu ni kujikuta kwenye tangazo la simu ukiwa umevaa njuga, na mchezaji wako mwenyewe ndiye anakuuliza umelipwa shilingi ngapi.

BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, kilianza 1981, na kila mwaka vijana wanahitimu pale wanajua kucheza, kupiga, kuigiza, kutega taa na kuendesha jukwaa. Mnao watu wa kuwashauri, tena wengine wamekaa bila kazi hapa hapa mjini. Mwajirini mmoja tu awe msimamizi wa jukwaa, mpeni saa ya mkononi, mpeni na mamlaka ya kumwambia mshereheshaji "hapana, bado dakika ishirini". Mshereheshaji atachukia siku ya kwanza.

Mabango ya mwaka huu nadhani bado hayajachapwa. Kabla ratiba haijakwenda kwa mchapaji, ulizeni kila kikundi onyesho lake linachukua muda gani, na jibu mtakalopewa liandikeni kama lilivyo. Msiponiamini kwamba bugobogobo haiivi kwa dakika nne, sisi tunafanya mazoezi kila Jumamosi saa kumi alasiri kwenye kiwanja cha shule, Temeke, upande wa miti. Moto utakuwa umeshawaka. Njooni na saa.

Wenu katika kazi,
Mpiga ngoma na mwongozaji wa maigizo,
Temeke, Dar es Salaam